Niliwahesabu Wakiwa Wamepiga Magoti

Kosa ni langu, na bei yake naijua. Mkutano mmoja wa dakika arobaini ulinigharimu wasichana watano, rafiki mmoja, na Jumapili zangu zote. Nimehesabu mara mbili. Haipungui.

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya wasichana ya Kikatoliki, huku Nyamira kwenye chai. Shule siitaji, na jina langu acha lilale. Nilikuja mwaka jana kutoka shule ya mjini Kisii, nikijiona mjanja. Mtu wa kupatana bei hata ya kiberiti!

Sista aliyenitangulia aliniachia funguo, makabati ya faili, na jambo moja ambalo halikuwa ndani ya faili lolote. Majirani wetu wengi ni Wasabato. Jumapili, sisi tukiwa Misani, wao walitushikia lango na kuwakatia ng'ombe wa shule nyasi, ili hata bawabu apate kusali. Jumamosi, wao wakiwa kanisani, wasichana wetu wa bweni waliwatekea maji wakongwe wao. Hakuna aliyelipwa. Hakuna aliyetia sahihi.

Na mimi, kitu kisicho na sahihi nilikiona kama hakipo. Ujinga mtupu!

Aliyekuja kila Jumapili ni Baba Kemunto, mzee wa kanisa lao. Alikaa kwenye jiwe la langoni akimenya muwa, akinitania: "Mwalimu, sali upesi. Hawa ng'ombe wako ni Wakatoliki kweli, hawajui kufunga!" Tulicheka. Tangu nihamie huku, ndiye mtu wa kwanza kuniita rafiki.

Binti yake, Kemunto, alikuwa kidato cha tatu, mwanafunzi wa kutwa. Nilimfundisha hisabati. Nikiteleza ubaoni, mkono wake ndio wa kwanza kuinuka: "Hesabu tena, mwalimu." Darasa zima linaangua kicheko, nami nafuta.

Basi nikataka shule iwe ya bweni tupu. Nilisema ni kwa sababu ya wa kutwa kuchelewa na matope yao. Uongo. Nilitaka sifa. Wakuu tukikutana, wa bweni tupu ndio huketi mbele.

Wazazi wakakutana Jumapili alasiri. Baba Kemunto akasimama. "Mwalimu, bweni ni zuri, hatukatai. Lakini mimi kengele yako naisikia nikiwa jikoni kwangu. Kitanda nikilipie cha nini?" Watu wakacheka, mikono ikainuka. Nilishindwa, hamsini na tisa kwa arobaini na nne. Nikahesabu tena. Bado nilishindwa.

Nikarudi ofisini na orodha ya wazazi, nikatia alama jina kwa jina. Walionikataa, wengi walikuwa Wasabato, maana ndio majirani, na mabinti wao ndio wa kutwa.

Nikaitisha mkutano mwingine. Jumamosi, saa nne asubuhi.

Karani wangu, Mama Sabina, Mkatoliki asiyeachia rozari, aliishika ile barua kama kitu kilichooza. "Jumamosi, mwalimu? Na Wasabato?"

"Barua itawafikia wote. Mlango uko wazi."

"Mlango uko wazi. Miguu umeifunga."

Nilicheka! Nikamwambia apige chapa.

Jumamosi hiyo madirisha ya bwalo yalikuwa wazi, na tuliwasikia wakiimba ng'ambo ya bonde. Sauti nne, safi kabisa. Nikawaomba wazazi waliofika wainue mikono. Arobaini na sita walikubali, watatu wakakataa. Mmoja wa hao watatu ni Mama Sabina, ambaye ni mzazi pia. Nilihesabu mara mbili, si kwa shaka, kwa utamu.

Kesho yake, katikati ya Misa, ng'ombe wakaanza kulia. Lile jiwe la langoni lilikuwa tupu.

Misa ilipoisha nikashuka kwa Baba Kemunto. Nilimkuta akichuma chai, kikapu mgongoni. "Bwakire, mwalimu," akanisalimu kwa Ekegusii kama kawaida, ila hakuacha kuchuma.

"Mzee, leo mmetuacha."

"Ungenishinda nikiwa nimeketi pale bwaloni, ningekupigia makofi na leo ningekuja kukata nyasi." Akatupa majani kikapuni. "Lakini ulinihesabu nikiwa nimepiga magoti."

Nikafanya ninachojua. Nikaanza kupatana bei! Nikamwambia Kemunto ana akili, nitamtafutia kitanda, karo ya bweni tutaangalia.

"Na wale wengine thelathini?"

"Hao siwezi."

"Basi na huyu huwezi."

Wasichana wa kutwa walikuwa thelathini na mmoja. Kumi na tisa walipata shule nyingine. Saba waliingia bweni, wazazi wakauza ng'ombe. Watano hawakwenda popote. Kemunto ni mmoja wa hao watano.

Mwezi uliopita nilikuwa Keroka. Kando ya barabara nikaona ndizi nzuri, muuzaji ameinama chini ya mwavuli, leso imemfunika kichwa.

"Mama, hicho kichana ngapi?"

"Mia."

"Mia! Ndizi zimeiva mpaka zinaomba msamaha. Sabini."

"Tisini, ya mwisho."

"Sabini, na nyongeza."

Akainua uso. "Sawa, mwalimu. Sabini, na nyongeza."

Mungu wangu! Ni Kemunto. Akanifungia kichana, akaongeza ndizi tatu juu. Nikampa noti ya mia, akanirudishia thelathini mkononi.

"Hesabu tena, mwalimu," akasema. Hakuwa akicheka.

Nikababaika kwamba nitaongea na bodi, kwamba nafasi itapatikana. Akasema sare alishampa binamu yake, ikapunguzwa. Kisha akamgeukia mteja mwingine.

Nilienda kwenye bodi kweli. Wakanifungulia kumbukumbu za mkutano, nilizoandika kwa mkono wangu, wakanionyesha kura halali, arobaini na sita kwa tatu. Madarasa yamejaa, vitanda vimejaa. Nilijipiga mwereka mwenyewe, na hakuna wa kuniinua.

Kwa padre nimeungama. Alinipa kitubio, nikakimaliza kabla ya chakula cha mchana. Lakini Baba Kemunto hakuwa ndani ya kile chumba cha maungamo. Nikipita kwake ananijibu "Bwakire," basi. Jumapili padre anahubiri kwamba shule ni familia moja, na bawabu wetu yuko nje langoni, hajasikia Misa tangu siku ile.

Wewe unayeongoza watu, usipange siku kwa kuangalia nani hataweza kuja. Utashinda! Hilo ndilo baya lake.

Ndizi za kichana niligawia walimu. Zile tatu za nyongeza sikuweza. Zilikaa mezani pangu mpaka zikawa nyeusi, Mama Sabina akazitoa bila kuniuliza.

Nauliza basi, mwenye kujua aniambie: ndizi tatu za msichana yule zinalipwaje, na zinalipwa kwa nani? Taja bei yoyote. Safari hii sitaomba upunguze.