Mtoto wa Kilo Arobaini na Mbili

Mwalimu wetu wa uchambuzi wa data hakuanza somo kwa kompyuta hata siku moja. Alichapisha jedwali kwenye karatasi, akalipitia mstari kwa mstari kwa kidole chenye doa la wino, akinong'ona tarakimu kama anayepokea wageni mlangoni. Akikuta ya ajabu husema, "Ehee, na wewe umetokea wapi?" Tukicheka, yeye hucheka kutuzidi.

Siku niliyompelekea utafiti wangu wa uzito wa watoto wachanga, kidole kilisimama kwenye mstari wa sitini. Mtoto mmoja alizaliwa na kilo arobaini na mbili. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. "Nitamfuta, mwalimu. Ni mmoja tu." Akavua miwani. "Umfute mtoto wa watu? Umeuliza alikozaliwa?" Palepale akapiga simu kwenye zahanati nilikokusanya takwimu, akamsihi muuguzi afungue daftari la uzazi. Tukangoja, simu ameibana begani, vidole vikigonga meza. Ghafla uso ukachanua. "Kilo nne nukta mbili! Wa kike!" Akapiga vigelegele hadi wanafunzi wa chumba cha pili wakaja mbio, wakidhani amepata mjukuu. "Tumempata," akawaambia huku akifuta machozi ya kicheko, "na kwa unene hana mpinzani!" Nikaiweka nukta mahali pake, na chumba kizima kikampigia makofi mtoto ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona.