Makoti Mawili ya Kaka Mpendwa

Mshereheshaji wa harusi waliyempa jina la utani la Kinanda alikuwa mtu wa mwili na maneno, na vyote viwili hakuvionea haya. Akishika kipaza sauti, hata mashangazi wasiosemeshana walijikuta wanacheza bega kwa bega. Udhaifu wake ulikuwa majina. Si ya watu, maana ya maharusi aliyachanganya kila mara, bali ya nguo. Aliamini kwamba mtu aliyevaa jina kubwa husikilizwa hata akikohoa.

Suti aliyoitamani aliwahi kuiona kwenye duka lenye vioo. Aliuliza bei, akaitikia kwa kichwa kama anayefikiria, kisha akatoka kana kwamba amesahau kitu nje. Basi alipompata mtandaoni muuzaji wa ng'ambo aliyeuza suti ya jina hilo hilo, kopi ambayo alidai hata mwenye kampuni asingeitambua, akaona bahati imemfuata nyumbani.

Mke wake, muuguzi wa wodi ya wazazi, alimwambia ajipime kwanza kwa sentimita, kwa sababu namba za huko si za huku, na asome wanunuzi wengine wanasemaje.

"Namba yangu naijua tangu tulipooana," Kinanda akajibu.

Mke akamtazama tumboni, akachukua mkoba wake, akaenda zamu.

Maoni Kinanda aliyasoma, ila hayo ya juu tu. Watu wote walisifu suti kwa maneno yale yale, wakikosea tahajia pale pale, naye akaona huo ndio ushahidi kwamba ni kweli. Muuzaji alimwita kaka mpendwa, akamwomba wamalizane pembeni, nje ya duka la mtandaoni, ili wakwepe makato. Kinanda akalipa huku moyo umejaa. Mtu akishakuita kaka, utamdai risiti ya nini?

Kilichomponza zaidi ni mdomo. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi umeme, alikuwa anakaribia kuoa na alikuwa akihangaika na mavazi. Kinanda alimkalisha sebuleni akampa somo zima: asisome maoni akachanganyikiwa, asisumbue watu kwa maswali ya vipimo, muuzaji mwema hujulikana kwa lugha yake. Akamtumia na namba ya kaka mpendwa. Shemeji akashukuru, na hawakulizungumza tena.

Mzigo wa Kinanda ulifika siku moja kabla ya harusi hiyo, umekunjwa ukawa mdogo kama mkate. Alijifungia chumbani. Jina lilikuwepo kweli, limedariziwa kwenye mkono wa koti kwa uzi unaong'aa, ila lilikuwa na herufi moja zaidi. Mifuko ilikuwa vifuniko tu, nyuma yake hakuna kitu. Kifungo kilikubali akibana pumzi, lakini mikono haikupanda kupita kifua. Akamwandikia muuzaji. Jibu likaja upesi: "Kaka mpendwa, nguo zetu huwakaa vizuri watu wenye furaha." Duka la mtandaoni nalo likasema halina habari na malipo ya pembeni. Mkewe alijaribu kuachia mishono, akakuta kitambaa kimekatwa bila hata upindo wa ziada. Suti ya zamani ilikuwepo kabatini, ila Kinanda alikuwa ameshautangazia mji mzima habari za ile mpya. Akavaa hiyo hiyo.

Ukumbini alisimama wima kama mlingoti, akisherehesha kwa macho na nyusi. Milango ikafunguliwa, bwana harusi akaingia. Rangi ile ile. Herufi ile ile inang'aa mkononi. Alitembea kama mtu aliyeficha mayai kwapani. Wageni wakanong'ona kwamba mashemeji wameshona sare, jambo la kupendeza sana.

Mambo yakaharibika kwenye keki. Bibi harusi alimlisha mumewe bila shida. Ikawa zamu ya bwana harusi, na bibi harusi alikuwa mrefu. Mkono ukapanda, ukafika kifuani, ukagoma. Bibi harusi akasubiri mdomo wazi. Kinanda akasogea karibu.

"Shemeji, mkono hauendi," bwana harusi akanong'ona.

"Najua. Usilazimishe, utapasuka mgongoni."

"Wewe ndiye uliyeniambia nisisome maoni."

Kinanda alihisi joto likimpanda shingoni ambalo halikutokana na koti. Aliyasikia maneno yake mwenyewe ya sebuleni, na hayakupendeza. Akainua kipaza sauti mpaka kilipoweza kufika, akainamisha kichwa kukifuata, akatangaza kwamba mwanamume anayempenda mkewe humhudumia bila koti, na kwamba waume wote wavue sasa hivi kumuunga mkono bwana harusi. Wakavua, hata baba mkwe. Bwana harusi alivuliwa na wajomba wawili, kila mmoja na mkono wake. Keki ikalika, ukumbi ukashangilia, na tangu hapo maharusi wengi mjini hudai kipengele cha kuvua makoti wakidhani ni mtindo wa ng'ambo.

Shemeji, hata hivyo, alinuna. Baada ya fungate, mke wa Kinanda alimpeleka mumewe nyumbani kwa maharusi, akamketisha mbele yao, akamwambia aseme. Alisema kwa maneno machache, bila kupamba: alijifanya mjuzi wa kitu asichokijua, na akamwingiza mwenzake mkenge.

Bibi harusi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda chumbani, akarudi na viatu vyake vya harusi, akavipanga mezani. Alikuwa amepewa namba na mumewe, akavinunua kwa kaka mpendwa huyo huyo. Vilikuwa vizuri, vyeupe, na vyote viwili vilikuwa vya mguu wa kushoto.