Siku Niliyojifanya Mzee Asiye na Mtu

Kuna mtumbwi niliununua kule kisiwani Rukuba nikiwa kijana, hata kuoa sijaoa, mtumbwi mweusi kwa lami mpya kama kiatu cha padre, na mwenye kuuza alikuwa mtu wa maneno matamu, akanizungusha upande huu, akanizungusha upande ule, nikaugonga kwa ngumi ukalia vizuri, nikakubali. Sikuukalia. Nilipokuja kuukalia ulikuwa tayari wangu, na tulipofika katikati ya maji nikasikia miguu inapata baridi, kumbe ile lami ilifunika ubao uliooza urefu wa mkono mzima, na dagaa zangu kavu zikarudi ziwani zilikotoka. (Nilipona kwa sababu wavuvi wengine walinivuta kwa kola ya shati, na pale Mwigobero, sokoni kwa dagaa, walinicheka wiki nzima.) Tangu hapo nikawa mtu wa namna hiyo, kitu sikiamini kwa kukitazama mpaka nikikalie, hata kitanda sikununuaga bila kulala kwanza dukani, na Mhindi mmoja alinifukuza kwa sababu nilikoroma.

Nalisema hilo mapema ili mjue ugonjwa wangu ulikoanzia, maana aibu niliyokuja kuipata Bunda, mimi mtu mzima mwenye watoto sita, niliipata nikiwa nimevaa gauni la maua mbele ya mama mkwe wangu, na jambo kama hilo huwezi kulisema kwa mkato.

Nilikuwa na kaka yangu, Masatu, huyo alinitangulia kuzaliwa, hakuoa, hakuzaa, na macho yalimzima kabla sijampeleka jando mwanangu wa kwanza. Tulikaa naye Kigera nyumbani kwangu. Miaka ile mnaikumbuka, sabuni ilikuwa habari, ukipata kipande unamnong'oneza jirani, tulikuwa tunafulia majani ya mpapai, na mimi na mke wangu Nyangeta tulikuwa tunashinda Mwigobero kwenye dagaa ili watoto wale. Kaka anabaki peke yake. Siku moja tukarudi tukamkuta mkono wote umetoka ngozi, alikuwa ameshika sufuria ya moto, na alichokuwa anapika kilikuwa chetu sisi, alisema tunarudigi na njaa. Siku nyingine majirani walimtoa majini, yamemfika kifuani, anaita jina langu. Nikaona sasa huyu atanifia, na nitakuwa nimemuua mimi.

Katekista ndiye aliyetuambia kwamba njia ya Bunda kuna masista wana nyumba ya wazee. Ukoo ukawaka moto. Shangazi akasema, "Mtu hatupwi kama kapu bovu!" Wengine wakasema kule wazee wanafungiwa kwa kufuli, wanalishwa uji wa jana, wakifa hawaliliwi. Tukamtuma binamu yangu mmoja akapaone, akaenda, akarudi anasifu pazuri mno.

"Umeona nini?" nikamuuliza.

"Wamenipa chai."

"Wapi?"

"Sebuleni. Kuna kiti kizuri, kina kitambaa."

"Na wazee?"

"Wazee sikuwaona, lakini kile kiti, ndugu yangu!"

Basi hapo ndipo nilipoamua, na uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo tu, kama kuamua kupita njia ya mkato: nitaingia mle ndani mimi mwenyewe kama mzee, nilale kitanda chao, nile uji wao, nijue. Nikamwambia Nyangeta naenda Bunda kuulizia magunia (uongo wa kwanza), nikavaa shati langu la kuvulia samaki, nikajipaka majivu kichwani, nikaokota fimbo, nikapanda lori la dagaa. Nilikuwa na miaka hamsini na kitu tu, nikategemea watabisha kidogo kuhusu umri. Hakuna aliyebisha. Sista Leonia, mkuu wa pale, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mkulima, alinitazama mara moja akasema, "Pole babu, ingia." Iliniuma, sifichi.

"Una mtu, babu?"

"Sina," nikasema (uongo wa pili, na huo ndio ulionichoma baadaye).

"Basi leo unao," akasema, kwa sauti ya mtu anayekwambia pa kuweka mzigo, akaita, "Wambura! Maji ya moto!"

Mimi nilidhani nitaonyeshwa kitanda. Wambura, mhudumu wao, kijana wa miraba minne, alinivua nguo zote kama mtu anayemenya ndizi, akazitumbukiza kwenye pipa linalochemka nje, kisha akaninyoa kichwa chote.

"Mzee, una chawa."

"Mimi? Chawa?"

"Huyu hapa. Na mwenzake yule."

Wala hawakuwa wa kuigiza, wale walikuwa chawa wangu halali nimetoka nao Kigera! Akanisugua mgongo kwa sabuni, sabuni kweli, kakipande kamekatwa kwa uzi, na nikiwa pale kwenye beseni nikafikiri, nyumba inayompa mzee asiyejulikana sabuni wakati mimi mke wangu anafulia majani, hii nyumba si ya mchezo. Tatizo likaja kwenye kuvaa. Mitumba ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuingia nchini, masista walipewa robota moja, na za kiume zilikuwa zimekwisha.

"Vaa hili mpaka zako zikauke," Wambura akasema, akanipa gauni la njano lenye maua mekundu, refu la kufika magotini, na mabega yamejaa kama ya askofu.

Kitandani nikapata jirani, Mzee Nyamhanga, hana meno hata moja lakini ulimi anao. Nikamwuliza kwa siri, "Mzee mwenzangu, hapa pakoje?"

"Pabaya!" akapiga kelele kuta zikasikia. "Uji hauna sukari!"

"Nchi nzima haina sukari."

"Hilo ni la nchi. Mimi nataka la kwangu. Wewe Sista! Sista! Jana ulinicheleweshea uji, nitaondoka hapa!"

Na Sista akajibu kutoka jikoni, "Ondoka baba, lakini uji wa mchana una maziwa!" Mzee akacheka mpaka akakohoa. Nikatulia. Ndugu zangu, mahali ambapo wazee wanateswa husikii mzee akimgombeza mkubwa wa nyumba, wanakuwaga kimya kama kuku waliofungwa miguu. Nikaendelea na kazi yangu. Nikatazama mlango, komeo liko ndani, si nje. Nikashika magodoro, makavu. Nikanusa vyungu vya chini ya vitanda, vimemwagwa. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye heshima zake mpaka leo, lakini nikakumbuka kwamba mtu wa kulala anajulikana kwa mgongo, kama hageuzwi anatoka vidonda, na kulikuwa na mzee mmoja kona ya mwisho hajainuka tangu nifike. Nikamwendea polepole, nikafunua blanketi, nikalikunja shati lake nichungulie. Mgongo msafi, umepakwa mafuta, wallahi unang'aa!

"Mwizi!" yule mzee akapiga yowe. "Mwizi wa blanketi! Mwanamke huyu ananiibia!"

(Mwanamke ni mimi, ni lile gauni.)

Wambura akaja mbio, akanishika mkono kwa upole kabisa, akasema, "Babu umechanganyikiwa na ugeni, twende ukae juani nikuone." Akaniweka nje kwenye benchi, mbele ya kila mtu. Na hapo ndipo nilipowasikia akina mama wa kigango, wale wa kanisani, wanakuja na wimbo, kwa sababu ilikuwa Alhamisi na Alhamisi wanakujaga na mabeseni kuwaosha wazee miguu na kuwakata kucha.

Sasa nieleze kidogo, kwa wasiojua. Kwetu mwanamume na mama mkwe hawaonani uso. Nimekaa na binti yake wa pekee miaka zaidi ya ishirini na uso wa mama yule nauona kwa mbali tu, nikimwona njiani naingia porini, akija kwetu tunasalimiana ukuta ukiwa katikati, na jina lake hata leo hamtalisikia kinywani mwangu. Yeye kwao ni upande wa Butiama, lakini baada ya kufiwa na mume alihamia kwa mwanawe wa kiume hapo Bunda. Hilo nilikuwa nalijua. Sikulikumbuka. Niliukumbuka mgongo wa mzee wa watu, mama mkwe sikumkumbuka.

Nikasikia sauti moja inasema, "Huyu mgeni nitamwosha mimi," nikaijua sauti, na moyo ukashuka mpaka kwenye benchi. Nilichofanya sikukifikiri, mwili ulifanya wenyewe. Niliruka nikampa mgongo, nikachuchumaa nikatazama ukuta, kama inavyompasa mkwe, na uso ili usionekane nikavuta gauni nikajifunika kichwa. Gauni, nimekwisha waambia, lilikuwa la kufika magotini. Lilipopanda kichwani, huku chini nilibaki kama nilivyozaliwa.

Wimbo ukakatika.

Katika kimya kile Mzee Nyamhanga, ametoka na fimbo yake kuota jua, akasema, "Mbona huyu anachuchumaa kama mtu aliyemwona mkwewe?"

Nikasikia beseni linaanguka. Nikasikia na miguu ya mama yule inageuka, naye sasa amenipa mgongo. Nilitegemea matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alichosema, kwa sauti ndogo, ni hiki:

"Sista, mwulize huyo mtu. Binti yangu amekufa lini?"

Sikuelewa.

"Mwulize," akasema. "Kama amefika hapa, amenyolewa kichwa kama mfiwa, hana mtu, basi mwanangu hayupo. Nyangeta wangu amekufa lini, na kwa nini sikuitwa?"

Na akaanza kulia, na mnawajua akina mama wetu, mmoja akilia msiba hakuna anayeuliza, wote wakaweka mabeseni chini wakashika vichwa, wazee wakatoka ndani na fimbo zao, yule wa mwizi wa blanketi naye akalilia huko huko kona yake, na Mzee Nyamhanga akavua kofia. Wanamlilia mke wangu mzima! Nikapiga kelele kutoka ndani ya gauni, "Sista! Mwambie yuko hai! Yuko Mwigobero anaanika dagaa! Asubuhi amenigombeza mwenyewe!"

"Si ulisema huna mtu?"

"Ninaye Sista, ninao wengi, mwambie anyamaze, mwambie nilikuja kuchunguza nyumba kwa ajili ya kaka yangu kipofu!"

Wambura akanifunika blanketi, Mungu amzidishie. Sista Leonia akaenda akamweleza mama mkwe, maneno yangu anayabeba kwa mama, ya mama anayaleta kwangu, hatua sita tu za kutembea, na sisi tumepeana migongo. Mama alipoelewa alikaa chini pale pale kwenye maji yaliyomwagika, akacheka na kulia kwa pamoja, halafu akaanza kunihukumu.

"Mwambie ni mjinga."

"Anasema wewe ni mjinga," Sista akaniletea.

"Mwambie nimesikia."

"Mwambie mbuzi wa kuondoa aibu namtaka, tena beberu," mama akasema. "Na mwambie huyo kaka yake amlete. Mimi nipo hapa kila Alhamisi. Yule haoni, na mimi nikimlisha sitamtazama usoni, tutaelewana."

Sista hakunifokea. Nilitamani anifokee. Alisema, "Ungeuliza tu, baba. Tungekufungulia kila mlango." Kisha akaniuliza nimeona nini, na mimi kwenye blanketi langu nikamhesabia: komeo, magodoro, vyungu, mgongo, sabuni, na yule mzee anayegomba. Akafurahi sana kwa huyo anayegomba. Akasema wageni wengi wanamwonea aibu Mzee Nyamhanga, hakuna aliyewahi kumsifu.

Nyangeta nilimwambia mwenyewe jioni ile, kabla hajaambiwa. Alinitazama kichwa kile kilichonyolewa akasema, "Kwa hiyo nimekufa?" akaenda zake jikoni, nikasikia sufuria zinacheka naye.

Kaka aliishi kule miaka tisa. Alinenepa. Hakuungua tena, hakuingia majini tena, na Krismasi Wambura alimletaga Kigera kwa gari la masista, na kaka anatusimulia habari za pale mpaka tunachoka. Mama mkwe alimlisha kila Alhamisi mpaka miguu yake mwenyewe ilipokataa, na alipokufa kaka walimlilia kule kabla sisi hatujapata habari. Mimi sikusoma, darasa la pili niliishia, maneno ya kushukuru watu kama wale sinayo, na kila nikiwaombea nawaombea nimeinamisha macho. Kwa hiyo mkitaka kuijua nyumba ya wazee, nendeni mchana, semeni majina yenu ya kweli, ulizeni. Msijifanye.

Siku ya kumpeleka nilimshika mkono kutoka barabarani mpaka getini. Ilikuwa Alhamisi, sikupanga mimi, lori ndilo lililopanga. Kaka akasimama akasikiliza.

"Wanaimba," akasema. "Ingia basi unionyeshe kitanda."

"Wambura atakuonyesha."

"Unaogopa nini?"

"Kitanda chako kizuri. Nilikilalia."

Nikauweka mkono wake kwenye mkono wa Wambura. Mzee Nyamhanga alikuwa ameniona kwa mbali na alikuwa tayari anainua fimbo kuniita, nikageuka, nikafuata barabara ya kurudi nyumbani bila kutazama nyuma, na getini pale sikukanyaga tena.