Beberu wa Mama Dorcas Atakiwa kwa Mahari

Saa kumi na mbili asubuhi, pembezoni mwa Bunia, upande wa barabara ya Komanda, Vahwere Dorcas anagombana na mteja juu ya rangi ya mtoto wa mbuzi. Amesimama ndani ya zizi, kitenge amekifunga juu ya magoti. Beberu wake mweupe, mkubwa kama ndama, anatafuna majani ya viazi bila habari.

"Nilileta jike mweupe," analalamika Fulgence, muuza makaa, aliyemrudisha jike wake apandwe tena. "Beberu yako iko mweupe. Sasa ule mutoto mweusi ametoka wapi? Mama, ulipandisha mbuzi yangu na beberu ingine!"

"Ee Mungu wangu! Kila siku maneno ni yale yale," Dorcas anafoka. "Fulgence, weye uko mufupi. Bibi yako mufupi. Mutoto wenu anainama kwa kupita mulango. Kuko mutu alikuuliza kitu?"

"Ule alifuata babu yangu!"

"Sasa mbuzi haina babu?"

Dorcas anamweleza, kwa sauti ya mtu aliyeeleza mpaka koo likakauka. Mtoto huchukua nusu kwa baba na nusu kwa mama. Mbuzi mweupe anaweza kubeba weusi ndani yake bila kuuonyesha, na wakikutana wawili wanaoubeba, baadhi ya watoto wao watatoka weusi. "Hakuna mutu alikuibia. Ile rangi ilikuwa imejificha."

Dorcas, mjane wa miaka hamsini na mbili, alihamia hapa kutoka Butembo. Alianza na majike wawili wakondefu, akawa anatazama majirani. Dume anayenenepa wanamchinja Noeli. Yule mdhaifu asiyepata mnunuzi ndiye anayebaki na majike. Mwaka unaofuata wanashangaa kwamba mbuzi wao ni wadogo kama paka.

"Banakula mbegu, banapanda maganda!" anasema. "Kisha banasema ni uchawi."

Yeye alifanya kinyume. Kila uzao alibakiza dume bora, na alibadilishana madume na wafugaji wa Mahagi ili baba asipande binti zake. Ilimchukua miaka tisa kumpata huyu. Leo hulipwa dola tano kwa kila jike anayeletwa, na kwa hela hiyo amemsomesha mwanawe, Adrien.

Sasa Adrien anaoa, na balaa limeanzia hapo. Wakwe walipokuja kutembea walimwona beberu. Katika mbuzi wa mahari wanamtaka huyo huyo, na wanataka kumchinja siku ya sherehe.

Fulgence akiwa bado zizini, anaingia Josaphat, mdogo wa marehemu mumewe, aliyetumwa kuwabembeleza wakwe.

"Mama Adrien, bamekataa. Niliwaahidi majike tatu yenye mimba. Banasema siye tunawazarau. Ni beberu, ao hakuna ndoa."

Dorcas anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Miaka tisa," anasema. "Miaka tisa, kwa supu ya siku moja! Hata kama ni mukwe, aka!" Anajifuta machozi kwa kiganja, wala hayafichi. "Bon. Bamuchukue. Sitamunyima mutoto wangu bibi juu ya mbuzi."

Majike wake kadhaa wana mimba ya beberu huyo. Dume bora atakayezaliwa atabaki zizini, na wageni wakija atafungiwa kwa jirani. Hilo amekwisha kuliamua. Linalomkera zaidi ni lingine.

"Wajukuu wangu, nusu ya damu yao itatoka upande wa ule muzee, baba ya bibi-arusi!" anasema. Josaphat anacheka. Yeye hacheki. "Ile siwezi kugeuza, ni damu. Lakini akili ya kuchagua beberu haiko mu damu, inafundishwa. Mujukuu wa kwanza akianza tu kutembea, bamulete kwangu."

Anainuka, anamshika beberu pembe, na kumpeleka kwa jike wa Fulgence.