Kiganja Kwenye Spika

Leo simu yangu mpya imetetemeka mkononi kila ngoma ilipolia kwenye video, nami nikakumbuka kibanda cha video cha utotoni kwetu Ngombezi, kwenye mashamba ya mkonge, kilichonuka katani mbichi. Siku moja mwenye kibanda alitaka kumtoa dada yangu mdogo, aliyekuwa kiziwi.

“Huyu hasikii. Anaziba nafasi bure.”

“Mwache, mzee, nitampakata,” nikamsihi.

Dada hakusubiri. Alibandika kiganja kwenye ubao wa spika, akatulia. Ngoma za filamu zilipoanza kudunda, ghafla akatugeukia, macho yamemtoka, na hapo ndipo adui aliporuka kutoka kichakani kwenye runinga.

“Jamani, kajuaje?” watoto wakapiga kelele. “Muulizeni na nani atakufa!”

Mwenye kibanda akakuna kichwa, kisha akasogeza benchi hadi likagusa spika.

“Kesho mlete mapema,” akaniambia. “Hapa hakai mwingine.”