Ngumi ya Baba Iliyochana Nyusi

Mwezi uliopita nilipigwa na kabati. Usicheke. Nilikuwa nimeinama kutafuta chumvi, nikainuka bila kukumbuka kwamba mlango wake niliuacha wazi mwenyewe, na ncha yake ikanichana unyusi wa kushoto. Damu ya unyusi haina adabu, rafiki yangu. Hutoka kama bomba la maji la kanjo, la baraza la jiji, lililopasuka, inaingia jichoni, inaingia mdomoni, nawe unadhani ndiyo safari ya mwisho. Dada wa kliniki alinipaka mafuta ya mgando kando ya jeraha akaniuliza, "Na umepigana na nani?" Mimi! Mtu wa kushinda ndani, ambaye nikifika dukani majirani huniuliza habari za safari. Lakini harufu ile ya mafuta na damu ilinishika, nikakaa kwenye benchi muda mrefu kuliko jeraha lilivyostahili, kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya nyumba yetu kila Jumamosi jioni.

Tuliishi Kabiro, Kawangware, chumba kimoja kilichogawanywa na pazia la maua. Upande mmoja kitanda cha wazazi, upande wa pili meza, jiko na mimi. Siku za kazi Baba alikuwa fundi wa plasta. Jumamosi alikuwa bondia. Alitembea kwa miguu hadi Kibera, kwenye ukumbi mdogo karibu na Makina, ambako walipiga gunia lililojazwa matambara na vumbi la mbao. Nilipelekwa huko mara chache, kwa kulazimishwa, nikakaa karibu na mlango nimeziba masikio. Kocha, mzee mwenye kofia ya kufuma, aliniita kuku wa kuatamia, kwa vile kila akimuuliza Baba niko wapi, jibu lilikuwa lile lile: "Amelalia nyumba."

Kuna mabondia wa kuangusha watu. Baba sikumbuki akiangusha mtu. Yeye alichana. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa na ncha, na ngumi yake ikifika mwisho wa safari aliigeuza kidogo, kama mtu anayefunga kufuli, na hapo ngozi ya mwenzake ikafunguka, juu ya jicho ambapo mfupa uko karibu. Hata ndani ya glavu. Refa anasimamisha, anamwita daktari, pambano limeisha. "Wengine wamepewa nyundo," kocha alikuwa akisema. "Huyu amepewa kisu cha mkate, na hakukiomba." Vijana walimwita Wembe. Baba hakulipenda jina hilo. Alikuwa akimwambia refa, "Simamisha bana, huyu haoni," kabla refa mwenyewe hajaiona damu.

Jumapili kazi yangu ilikuwa kufua bendeji zake, zile ndefu za kufunga mikono. Nilizifua kwa furaha, kwa sababu beseni lilikuwa ndani. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya waridi, na damu ile haikuwa yake. Nyingi ilikuwa ya mtu mmoja, mpinzani wake wa Kibera, mtu wa kutoka upande wa ziwa, ambaye nyusi zake zilikuwa zimeshonwa na kushonwa tena mpaka zikafanana na kola ya shati la mitumba. Na mtu huyo, usishangae, ndiye alikuwa mgeni wetu wa Jumapili. Alikuja na samaki ndani ya gazeti. Mama, mtu wa Machakos, alimpakulia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ganda, naye akayachungulia sahanini akasema, "Shemeji, haya mahindi mmeyanyoa wapi?"

"Kula unyamaze," Mama alimjibu. "Nyuzi zikikatika, mimi sishoni."

Kabla ya chakula Baba alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa mlango, akazitazama nyuzi kama fundi cherehani anayekagua kazi ya mwingine. "Inakauka," alisema. Ndipo tukala.

Halafu ikaja ile Desemba ya kura, ya mwaka 2007. Matokeo yalipotangazwa, sauti zote nilizozijua zilinyamaza: muuza maziwa, watoto wa ploti yetu ya wapangaji, hata yule mama wa jirani aliyegombana na mumewe kila asubuhi kama saa ya kengele. Badala yake tulisikia filimbi, mabati yakigongwa, watu wakikimbia. Majirani wetu wa upande wa ziwa, waliohesabiwa kuwa walipigia kura upande mwingine, walitoka na magodoro kichwani bila kuaga. Mama alipika uji usio na sukari, kisha maji ya moto ambayo tuliyaita uji kwa heshima. Mimi, niliyekuwa nikiombewa nitoke nje nicheze, sasa nilionekana mwenye akili kuliko wote.

Asubuhi moja alikuja kinyozi wetu. Huyu alininyoa tangu nikiwa mdogo, akininyamazisha kwa peremende, na alimpenda Baba kupita kiasi. Kila pambano alitaka asimuliwe mara mbili. Sasa alikuwa mkubwa wa vijana waliofunga barabara.

"Niaje, Wembe. Leo tunashuka upande wa Kibera, na we ndio wa mbele. Hao watu wanakujua. Wakikuona tu, watahepa."

"Mimi ni mtu wa ulingo, kijana yangu," Baba alisema. "Huko kuna refa?"

Kinyozi alicheka kwa meno tu. "Tunakukujia saa sita. Usipotoka, tutajua uko upande gani."

Maana ya maneno hayo tuliijua. Mpangaji wa mlango wa tatu alikuwa amekataa, na kitanda chake, redio yake na sare za shule za watoto wake viliteketezwa katikati ya ploti huku yeye akitazama. Kutoroka hatungeweza. Vijana walikuwa wamekaa getini, na barabarani kulikuwa na mawe na matairi yanayowaka.

Mama alivuta bendeji kwenye kamba, akamfunga Baba mkono wa kulia mpaka karibu na kiwiko. "Utasema umeumia. Haya, lia kidogo nisikie."

"Aii," Baba akasema, kama mtu aliyetajiwa bei ya nyanya.

"Lia, Baba watoto!"

Akajaribu tena, ikatoka sauti ya mbuzi mwenye mafua. Nyuma ya pazia nilicheka, na Mama naye akacheka, mkono mdomoni. Kisha akambinya vidole ghafla, kwa nguvu zake zote, kumjaribu. Uso wa Baba haukusogea hata kidogo. Ndivyo alivyofundishwa. Ukimwonyesha mtu umeumia, kocha alikuwa akisema, umemwelekeza pa kurudia.

Kicheko kiliisha hapo.

"Watafungua hii bendeji," Mama alisema.

"Najua."

"Watakuta mkono mzima."

"Najua, mama watoto."

Mlango wetu ulikuwa wa chuma, mzito, tuliuweka kwa ajili ya wezi. Sikuona kitu, niliona vivuli tu juu ya maua ya pazia. Nilimsikia Baba akisema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Mimi mwenyewe siwezi kuufunga mlango. Mkono utajitoa. Umezoea kukwepa."

"Hapana," Mama alisema. "Hapana. Hapana."

"Nikienda nitachana watu wasio na glavu. Na pengine wa kwanza atakuwa yule anayekula hapa."

Kisha Mama akaniita kwa jina langu lote, lile la kitabu cha shule, akaniambia niongeze redio. Kwaya ilikuwa ikiimba. Nikaongeza. Mlango ukabamizwa, ukafunguliwa, ukabamizwa tena. Redio ilikuwa ya kuficha kilio, na aliyelia ni Mama.

Saa sita walikuja. Baba alisimama mlangoni, bendeji mkononi, akasema ameumia. Kinyozi aliutazama ule uso mkavu.

"Mzae, unatubeba ufala. Unatuona wajinga?" Akaushika mkono, akaubana.

Baba alimtazama tu. Nilikuwa nimetoka nyuma ya pazia, nimeshika sketi ya Mama kama mtoto wa chekechea, na nilikuwa darasa la saba. Moyoni nilimwomba Baba alie. Lia, Baba, mara moja tu. Hakulia.

"Anadanganya," mmoja akasema kule nyuma. "Mtoe!"

Kinyozi akaanza kuifungua bendeji, mzunguko baada ya mzunguko, kwa ile hadhari ya mtu aliyezoea kushika vichwa vya watoto. Ilipofika mwisho aliacha kupumua. Vidole vilikuwa vimevimba rangi ya biringanya, na kimoja kilielekea kwingine.

"Nani amekufanyia hivi?"

"Mlango," Mama alisema.

Akamtazama Mama. Akautazama mlango. Alijaribu kuirudisha bendeji, ikamshinda, akaiacha ikining'inia. Kisha akawageukia wenzake. "Huyu ameisha. Twendeni."

Sitakudanganya kwamba mkono ule uliokoa mtu. Waliokuwa wakienda walienda bila yeye, na mchana ule ule tuliona moshi upande wa Kibera. Hospitali hatukuweza kufika, mifupa ikajiunga ilivyotaka yenyewe. Barabara zilipofunguka daktari alisema tumechelewa. Mwiko wa plasta haukushikika tena. Mama akaanza kuuza mandazi, nami niliyependa kukaa ndani nikapata sababu ya kudumu: kukanda unga.

Mpinzani alikuja Jumapili moja, baada ya wiki nyingi, bila samaki, amekonda. Baba alinyoosha mkono wa kushoto kumsalimia. Yule bwana akauchukua wa kulia uliofichwa mgongoni, akaugeuza kwenye mwanga wa mlango, akautazama sana. Aliletewa muthokoi, akala mpaka sahani ikawa nyeupe, bila utani wowote, na Mama akatoka nje kwa kisingizio cha kuanua nguo. Baadaye tulisikia amerudi kwao ziwani. Sijui kama bado yu hai. Ukumbi nao ulivunjwa, pakajengwa vyumba vya kupangisha. Kocha alizikwa mimi nikiwa kidato cha pili. Kinyozi bado ananyoa palepale Kabiro, na Baba hunyolewa kwake. Hukaa kwenye kile kiti, anafumba macho, na hakuna anayeomba kusimuliwa pambano lolote.

Siku hizi Baba na Mama wanakaa kwangu. Vidole vya mkono wa kulia wa Baba havikunjiki. Haviwezi kufumba ngumi, wala kufinyanga tonge la ugali. Kwa hiyo anakula kwa mkono wa kushoto. Wageni wakija humwona, wanatazamana, na wengine huona haya kwa niaba yake: mzee mzima, hakufundishwa adabu ya mezani? Mimi hufungua mdomo nieleze. Mama hunikanyaga mguu chini ya meza, kisha anamsogezea Baba bakuli la mchuzi upande wa kushoto, taratibu, karibu na mkono.