Bikoni ya Uani Kwangu

Mwalimu wa kisomo cha watu wazima anataka kila mtu aandike habari za maisha yake. Nimemwambia maisha yangu yako mahakamani, akayasome huko. Hataki. Haya, naandika, na mwandiko auvumilie.

Mie Mauwa, nilitoka Kilwa na mume wangu Jamali, kuli wa bandarini. Uwanja huu wa Mbagala alitupa mzee mmoja wa Kizaramo kabla ya Uhuru. Nyumba nimeisiriba kwa mikono yangu. Jamali amezikwa nyuma ya jiko, penye mpera. Kwa hiyo nikisema sihami, najua ninachosema.

Mwaka uliofuata Azimio la Arusha wakaja wapimaji na minyororo yao. Wakafukia bikoni, jiwe la mpaka, uani kwangu, na nyingine kwa jirani yangu Anselmo, mchonga vinyago wa Newala. Mtaa mzima tulijua maana ya jiwe lile: umepimiwa, ardhi yako. Wasiowekewa walituonea kijicho. Tukasoma dua, nikachoma ubani, Filomena mke wa Anselmo akaleta togwa. Wapimaji wakanywa, isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa akilitazama kaburi.

"Mama, huyu amezikwa lini?"

"Kwani mlikuwa mnadaiana?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Jiwe nikawa nalipaka chokaa kila Idi. Halafu jioni moja akaja Polikarpo, mjumbe wetu wa nyumba kumi, akasimama nje bila hodi.

"Shikamoo, Bi Mauwa."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mwizi?"

"Eneo limebadilishwa. Si la makazi tena, ni la viwanda. Yale mawe ni mpaka wa kiwanda."

"Na sie tuko upande gani?"

Akatazama miguu yake. "Ndani."

Tukashitaki, mie na Anselmo. Wakili wa kiwanda akaniuliza kwa upole, kama mkwe: "Wapimaji waliingia kwa nguvu?"

"Hapana."

"Mlifanya sherehe?"

"Dua."

"Nani amelitunza jiwe?"

"Mie. Nani mwingine ana chokaa?"

Watu wakacheka. Hakimu aliandika, akaandika. Wakili akasema basi tulijulishwa, tukaridhia.

Hukumu bado. Anselmo hakungoja, kachukua fidia ya nyumba na minazi, kahamia Chamazi. Kwake sasa ni shimo. Katapila linachimba kuja huku, na mizizi ya mpera imeanza kuning'inia. Juzi msimamizi wao kaniambia mifupa inahamishika. Nikamwambia aanze na yangu.

Sasa wewe Mwalimu, acha kunisahihishia herufi. Wakili wetu anatafuta mtu wa kusema kwamba tangazo la kubadilisha eneo halikuletwa mtaani. Matangazo ya ofisi ya chama unatusomea wewe, hakuna mwingine. Jumatatu vaa shati lako jeupe, uje umwambie hakimu kwamba hilo hukuliona. Na kama uliliona ukanyamaza, njoo vilevile, ukaseme nikikutazama.